Redio za uokoaji: Bajeti isiishie siku ya makabidhiano

KILA mwaka, kabla ya Julai Mosi kufika, halmashauri za wilaya, miji na manispaa hukaa kupanga matumizi ya mwaka unaofuata. Hujadiliwa barabara, madarasa, zahanati, majosho na ushuru wa soko. Ni nadra kumsikia diwani akisimama kuuliza hali ya redio za upepo zinazotumiwa na zimamoto, polisi na vivuko katika eneo lake.

Ukimya huo una gharama, na mlipaji wake mkubwa ni mkulima na mfanyabiashara mdogo. Huyu ndiye mwenye mali yote ndani ya kibanda cha mbao kilichobanana na vingine mia. Huyu ndiye anayepanda kivuko siku ya gulio akiwa na magunia yake, na ndiye anayetoka usiku wa giza kwenda kuvua dagaa kwa taa, huku wingu likijikusanya upande wa pili wa ziwa.

Alhamisi, Septemba 20, 2018, watu waliokwenda gulioni Bugolora, wilayani Ukerewe, walikuwa wakirejea kisiwani Ukara kwa kivuko cha MV Nyerere. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilipinduka mchana kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Bwisya. Watu zaidi ya 220 walifariki dunia. Waliookolewa walikuwa 41.

Kuzidisha abiria ndiko kulikotajwa kuwa chanzo, na hakuna redio inayoweza kumshusha abiria aliyezidi. Hilo lisemwe wazi. Lakini saa za mwanzo baada ya ajali, msaada ulikuwa ni wa wavuvi na wakazi wa kisiwani wenye mitumbwi yao, na giza lilipoingia kazi ya kutafuta watu ikasimama hadi asubuhi.

Miaka minne baadaye, Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Watu 19 walifariki na 24 walinusurika. Hapo tena, waliofika mapema walikuwa wavuvi, na nchi nzima ilimfahamu kijana mmoja wa mwaloni, Majaliwa Jackson, kwa ujasiri wake.

Ajali zote mbili zinafundisha jambo ambalo wapangaji wa bajeti hawajalitilia maanani. Mwokoaji wa kwanza katika miji ya kandokando ya Ziwa Victoria ni mvuvi. Katika soko, ni mlinzi wa usiku na muuza samli wa kibanda cha jirani. Redio ya mji inayoishia kiunoni mwa ofisa na isiyofika mwaloni wala sokoni imeacha nje watu ambao ndio watakaofika kwanza.

Wapo wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa kila mtu sasa ana simu ya mkononi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchini kuanzia mwaka 2022, unatumia simu ya kawaida namba 115 kumfikisha mjamzito au kichanga hospitalini, na pale gari la wagonjwa linapokosekana huitwa dereva wa kijijini ambaye hulipwa kwa safari yake. Umeokoa maisha. Mgonjwa mmoja, gari moja, mpokea simu mmoja. Kazi ya namna hiyo simu inaiweza.

Moto wa soko ni kazi nyingine. Dakika ile ile zimamoto wanahitaji kujua lango gani halina vizuizi, mtu wa TANESCO anatakiwa kukata umeme wa mtaa mzima, mamlaka ya maji inatakiwa kuongeza msukumo kwenye bomba, maboza yanatafutwa, na polisi wanatakiwa kuzuia umati usiingie. Simu huzungumza na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mpigaji lazima awe na namba ya mwenzake, mwenzake awe na chaji, na mnara usiwe umeelemewa na watu elfu moja wanaopiga simu kwa wakati mmoja kuulizana kulikoni.

Redio ya upepo hufanya kinyume chake. Mmoja akibonyeza na kusema, wote walio kwenye chaneli hiyo wanasikia, bila namba na bila salio. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, na Soko la Karume lilipoteketea Januari 16, 2022, wafanyabiashara waliona kwa macho yao jinsi moto unavyokula mtaji wa miaka mingi kwa muda mfupi. Katika mazingira hayo, dakika kumi za kutafutana kwa simu ni safu nzima ya vibanda.

Kwenye maji redio ina sheria zake, na mnunuzi asiyezijua hupoteza fedha. Mawimbi ya masafa yanayotumiwa na vyombo vya majini hayapindi sana. Husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hadi pale ardhi inapojikunja na kuyaficha. Mvuvi aliyeketi mtumbwini na redio ya mkononi, akimwita mwenzake aliyeketi kwenye mtumbwi mwingine, atasikika umbali wa takribani kilomita 8 hali ikiwa nzuri. Mvuvi huyo huyo, kwa redio hiyo hiyo, akimwita mtu mwenye antena iliyosimikwa kilimani mita 100 juu ya ziwa, anaweza kusikika zaidi ya kilomita 40.

Siri, basi, iko kwenye kilima. Mwanza ina vilima vya mawe kila upande na Bukoba ina miinuko inayotazama ziwa. Mtambo wa kupokea sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu, ambao mafundi huuita ripita, ukiwekwa mahali pazuri hufanya kazi ambayo redio 50 za mkononi zilizogawiwa kwa maofisa haziwezi kuifanya. Pamoja na hayo, ununuzi mwingi hupenda vitu vinavyoweza kupangwa mezani na kupigwa picha siku ya makabidhiano. Mtambo ulio kilimani hakuna anayeupiga picha.

Duniani kote vyombo vya majini vimetengewa chaneli ya 16, megahezi 156.8, kwa ajili ya kuomba msaada. Nahodha wa meli kubwa anaijua. Swali la kuulizwa katika kila mji wenye gati na mwalo ni nani anayeisikiliza saa nane usiku. Mradi wa mawasiliano na usafiri wa majini wa Ziwa Victoria, unaoratibiwa na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeipangia Mwanza kituo kikuu cha kuratibu utafutaji na uokoaji. Ni hatua kubwa na inastahili pongezi. Lakini kituo kikuu ni sikio. Mdomo lazima uwe kule Ukara, Irugwa, Goziba na kwenye kila mwalo ambako mtu anaanza kuzama.

Hapa ndipo neno “kuboresha” linapohitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kuboresha vibaya kunaweza kuacha mji katika hali mbaya kuliko ilivyokuwa.

Redio za zamani ni za analojia. Ukienda mbali sauti huanza kukwaruza, lakini mwenye sikio zuri bado huambulia maneno. Redio mpya za dijitali zina sauti safi, zinaweza kuonyesha mahali mtumiaji alipo, na baadhi yake hubeba mazungumzo mawili katika nafasi ambayo zamani ilibeba moja. Ila ukipita mpaka wa uwezo wake sauti hukatika ghafla, haikwaruzi kwanza. Kubwa zaidi, redio ya dijitali haizungumzi na ya analojia mpaka iwe imetengenezwa kutumia njia zote mbili na ikapangwa hivyo.

Matokeo yake ni rahisi kuyatabiri. Idara moja inapata mfadhili na kununua redio za dijitali. Idara ya pili inabaki na za zamani. Ya tatu inaletewa msaada wa aina nyingine kabisa, yenye chaja ambazo haziingiliani na za mwenzake. Siku ya makabidhiano kila mmoja anashangilia, na siku ya ajali hakuna anayemsikia mwingine.

Ugonjwa huu haujaichagua nchi maskini. Mjini New York, Septemba 11, 2001, zimamoto 343 walifariki katika maghorofa ya World Trade Center. Redio zao zilikuwa na matatizo yaliyokwisha kujulikana tangu shambulio la mwaka 1993 katika majengo hayo hayo, na tahadhari za marubani wa helikopta za polisi waliotazama minara ikielekea kuanguka hazikuwa kwenye chaneli ya zimamoto. Mji ule haukukosa fedha. Ulikosa mtu wa kuzilazimisha idara zake zisikilizane. Ilichukua hadi mwaka 2012 kwa Bunge la Marekani kupitisha sheria ya mtandao mmoja wa vikosi vya dharura, na kuutengea dola bilioni 7.

Jirani zaidi, katika shambulio la Westgate jijini Nairobi Septemba 2013, polisi na wanajeshi walijikuta ndani ya jengo moja bila mawasiliano ya pamoja. Mwaka uliofuata Serikali ya Kenya iliingia mkataba na Safaricom wa karibu shilingi bilioni 15 za Kenya kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi kwa kuanzia Nairobi na Mombasa. Majiji makubwa yalianza, kama ilivyo kawaida. Miji ya magulio na minada husubiri zamu yake.

Kwa upande wa Tanzania, kikwazo kimojawapo ni mgawanyo wa mamlaka. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ilifungua njia ya huduma hiyo kutoka mikononi mwa halmashauri na kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Vivuko vingi viko chini ya TEMESA. Polisi wanamaji wana makamanda wao. Mvuvi ana BMU yake, na soko lina mwenyekiti wake. Kwa hiyo diwani akiulizwa habari za redio hujibu kwamba hilo si la halmashauri, na ofisa wa wizara akiulizwa hujibu kwamba anasubiri bajeti. Mwenye kibanda, ambaye amelipa ushuru wa soko, ushuru wa huduma na ada ya ukaguzi wa vizimamoto, haelewi kwa nini majengo matatu ya serikali yaliyo mtaa mmoja hayawezi kuzungumza.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatoa mahali pa kuanzia. Kila wilaya ina kamati ya maafa inayoongozwa na mkuu wa wilaya, na idara zote hizo zina kiti mezani. Kamati hiyo ndiyo inayofaa kuamua kwamba wilaya nzima itakuwa na chaneli moja ya pamoja ya dharura, ambayo kila redio itakayonunuliwa, iwe ya mfadhili au ya serikali, sharti iweze kuitumia. Uamuzi huo pekee unaandikwa kwenye karatasi moja na hauhitaji hata shilingi ya zabuni.

Baada ya hapo ndipo fedha zianze kuhesabiwa, na zihesabiwe zote. Bei ya redio iliyoko dukani ni mwanzo wa safari. Betri ya redio ya mkononi inayotumika kila siku huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Kebo ya antena huingiwa na maji. Mtambo wa kilimani unataka umeme wa jua na betri kubwa, uzio dhidi ya wezi wa betri hizo, na mtu wa kwenda kuufuta vumbi. Masafa yanataka leseni ya TCRA. Na kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani. Mnara usio na waya mzuri wa ardhini utaunguza mitambo ya mamilioni kwa mvua moja ya Machi.

Mkulima yeyote aliyewahi kununua pampu ya maji anaijua hesabu hii. Pampu ilikuwa na fedha yake. Valvu, mpira na mafuta havikuwa na fedha, na msimu wa tatu pampu ikawa kiti cha kuku. Halmashauri inayotenga shilingi milioni 60 za kununua redio bila kutenga walau milioni 8 au 9 kila mwaka za kuzitunza inajinunulia pampu ya namna hiyo. Afadhali inunue nusu ya redio hizo na kuzitunza zote.

Gharama kubwa kuliko zote haionekani kwenye orodha ya vifaa kabisa. Ni mshahara wa anayekaa na kusikiliza. Watu watatu wakipokezana saa nane nane, na wa nne wa kushika siku za mapumziko, ndio kiwango cha chini cha kuwa na sikio lililo macho saa 24. Mafanikio ya m-mama yametokana kwa kiasi kikubwa na jambo hilo hilo: yupo mtu anayelipwa kupokea simu usiku, na ipo fedha ya kumlipa dereva. Mji ambao redio yake ipo lakini chumba kimefungwa tangu saa tisa na nusu alasiri umenunua pambo.

Fedha zitoke wapi, ilhali zahanati haina dawa na barabara ya kutoa mazao imekatika? Swali hilo ni la haki na litaulizwa kwenye kila kikao. Hakuna sababu ya kuinyang’anya zahanati. Zipo njia ambazo hazijajaribiwa vya kutosha.

Mosi ni minara iliyopo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara vijijini, na Mei 2023 ulitiwa saini mkataba wa minara 758 katika kata 713. Minara hiyo imesimama juu ya fedha za umma. Si ajabu kuzitaka kampuni, katika mikataba inayofuata, ziache nafasi ya antena na sehemu ya umeme kwa ajili ya mtambo wa uokoaji wa wilaya, bila kodi. Gharama ya kujenga mnara, ambayo ndiyo inayozitisha halmashauri nyingi, ingeondoka.

Nyingine ni ushuru wenyewe. Halmashauri zilizo kandokando ya ziwa hukusanya fedha kwa kila ndoo ya dagaa na kila kilo ya sangara inayopita mwaloni. Sehemu ndogo ya makusanyo ya mwalo ikirudi mwaloni kwa njia ya redio moja, betri mbili na chaja ya jua, iliyo mikononi mwa BMU na kusainiwa kwenye daftari, mvuvi ataona ushuru wake unafanya nini. Na hata mkwepaji wa ushuru (wapo, na kila mtu anawajua) atakuwa na sababu moja pungufu ya kulalamika.

Redio hiyo, tena, haitakaa ikisubiri mtu azame. Mamlaka ya Hali ya Hewa imekuwa ikitoa utabiri maalumu kwa watumiaji wa Ziwa Victoria, kazi iliyopata nguvu katika mradi wa HIGHWAY ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Utabiri wa jioni ukisomwa kwenye chaneli ya mwalo saa 11, kabla mitumbwi haijasukumwa majini, mvuvi ataamua mwenyewe kama atoke, na mama anayeanika dagaa mchangani atajua kama awaache au awafunike turubai. Redio inayosikika kila jioni ndiyo itakayokuwa na chaji siku ya ajali.

Mapendekezo ya bajeti huanzia chini, kwenye mkutano wa kijiji na kamati ya maendeleo ya kata, kabla hayajafika kwa madiwani. Vyama vya ushirika, viongozi wa masoko na BMU wana nafasi ya kuzungumza huko, na waitumie kuuliza maswali yasiyohitaji utaalamu. Redio ngapi zipo wilayani na ngapi zinafanya kazi leo? Zimamoto anaweza kumwita nahodha wa kivuko bila kutumia simu yake binafsi? Fungu la betri liko ukurasa gani wa bajeti, na mwaka jana lilitumika kiasi gani? Nani yuko zamu usiku?

Jibu la swali la mwisho lisipokelewe kwa maneno. Usiku mmoja ambao haukutangazwa, mwenyekiti wa soko na mwenyekiti wa BMU wapewe redio, mmoja akiwa sokoni na mwingine mwaloni, wabonyeze na kuita. Zihesabiwe dakika mpaka mtu aitikie, na hesabu hiyo isomwe mbele ya baraza la madiwani kabla ya kupitisha hata senti moja ya vifaa vipya.